Watoto Kumi na Mmoja wa Katekista Odilo

Watu wakisema nilijitolea, nawaambia hapana, nilitolewa. Aliyenitoa ni Somoe, mke wa Halfan mwenye yale mafuso yanayobeba mbao na viazi. Hapa Makambako kila mtu anajua kwamba Somoe akishakuita "dada yangu Hilda" kwa ile lafudhi yake laini ya Lindi, keshakupangia kazi, na kazi yenyewe haina malipo.

Aliniita hivyo wiki moja kabla ya Tamasha la Parachichi. Mwaka uliopita watoto walipotea uwanjani mpaka mshereheshaji akageuka msoma matangazo ya vifo. Kila wimbo ukiisha, yeye: "Mtoto wa kiume, sweta jekundu, hajui jina la baba yake." Mwaka huu, Somoe akasema, tutakuwa na banda letu. Kila mtoto tutampiga alama za vidole kwenye kadi, tuandike na kovu lake na pengo lake, kadi aondoke nayo mlezi akaitunze nyumbani, ili siku mtoto akipotea kweli polisi wapate pa kuanzia. Na mkononi tutamfunga utepe wenye namba ya simu ya kwao. Tepe nilishona mimi, maana mimi ndiye fundi cherehani, kwa mabaki ya vitambaa vya sare za shule. Asante yake naisubiri mpaka leo.

Siku yenyewe ilianza kwa baridi ile ya Julai inayomfanya mtu achukie kunawa uso. Watoto walikuja na masweta mawili mawili na kofia za sufu, vidole vimekakamaa. Ukikichovya kidole kwenye wino wa muhuri na kukigandamiza kwenye kadi, unapata doa. Nikawa nawapulizia mikono kwanza kama napuliza moto wa kuni mbichi, huku Somoe amekaa kwenye kiti chenye mto, akisema, "Vizuri, dada yangu Hilda, endelea hivyo hivyo."

Wa kwanza kufika kwenye meza yangu kutoka kwenye fuso la watu wa Kifanya alikuwa Vestina. Mimi na yeye tumezaliwa kijiji kimoja, tumechunga mbuzi pamoja, tumeiba mihogo pamoja, na tumechapwa pamoja. Mkononi alikuwa amemkamata mjukuu wake, Jeni, miaka sita, kwa namna ambayo polisi humkamata mwizi wa kuku.

"Kamwene, Mama Benno."

"Kamwene, Mama Flora. Mbona mtoto unamvunja mkono?"

"Andika kila kitu," akasema. "Andika mpaka kope. Flora anakuja leo."

Nikaelewa. Flora ni binti yake, muuguzi katika zahanati moja huko Dodoma. Alimwacha Jeni kwa bibi akiwa bado hajaota jino, akaenda chuo, kisha kazini, na miaka ikapita akija Krismasi kwa siku mbili tatu. Sasa, miezi kadhaa nyuma, Jeni alipotea sokoni Njombe. Walimtafuta mpaka wakamkuta chini ya meza ya muuza mboga, amelala fofofo, kabichi kaifanya mto. Habari hiyo ilipofika Dodoma ilikuwa imetiwa chumvi ya kutosha kuharibu sufuria zima. Flora akapiga simu, akasema maneno ambayo Vestina alinisimulia akiwa ameuma midomo: Mama, umezeeka, huwezi tena, nakuja kumchukua mtoto.

"Akimkuta salama, na kadi, na utepe, na kila kitu cha kisasa, atasema nini?" Vestina akaniuliza. "Ataona aibu mwenyewe. Lakini akimkuta amepotea, Mama Benno, basi tena. Nyumba yangu itabaki na mimi na paka. Na yule paka mwenyewe hanipendi."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Nilipouliza maswali ya kadi alijibu kabla sijamaliza kuuliza. Nikamuuliza namba ya simu, akaitaja haraka kama mtu asomaye Salamu Maria. Nikaiandika kwenye utepe kwa kalamu ya wino mzito, nikamfunga Jeni. Wakafuata wengine wa Kifanya, nikawaandika, nikawafunga. Kichwa changu kilikuwa kwenye vidole na mafua ya watoto. Namba sikuziangalia, na hapo ndipo tulipojichimbia shimo.

Shimo la pili alilichimba Somoe peke yake. Alikuwa na huruma ya tajiri. Alisema mtoto aliyepotea ana hofu, na dawa ya hofu ni soda na andazi. Kwa hiyo chini ya meza kulikuwa na kreti za soda na ndoo ya maandazi, na nyuma ya meza kulikuwa na benchi la waliopotea.

Parachichi hazijaanza hata kupimwa uzito, Jeni akaja, akapanda benchi, akakunja mikono.

"Nimepotea," akasema.

"Umepotelea wapi?"

"Hapa."

"Bibi yako yuko pale, namwona, ananunua karanga."

"Yeye hajapotea. Mimi ndiye nimepotea."

Kabla sijampa jibu linalomstahili, Somoe alikuwa keshamfungulia soda ya machungwa. Jeni alikunywa taratibu, akala andazi, akafuta mdomo kwa mkono wa sweta, akashukuru kwa adabu zote, akaondoka. Sikuona ubaya. Nilidhani ni mambo ya mtoto mmoja mjanja. Nilisahau kwamba mtoto mjanja ana marafiki.

Walikuja kwa mstari. Mbele Jeni, kapotea mara ya pili, nyuma yake kundi zima la Kifanya, makamasi yamefutwa, nyuso zimetengenezwa kwa huzuni. Mmoja alikuwa analia kweli, ila alipoambiwa soda za machungwa zimeisha, imebaki ya ndimu, alinyamaza ghafla akauliza kama ya ndimu ni ya baridi.

"Hawa tuwapigie wazazi wao," nikasema. Somoe akashika simu, akaanza na mkono wa kwanza. Akapiga, ikaita, haikupokelewa. Mkono wa pili, akapiga. Mkono wa tatu akausoma, akarudi kuusoma wa kwanza, akanitazama.

"Dada yangu Hilda," akasema polepole, "huyu mwenye namba hii ni nani, mbona watoto wote kumi na mmoja ni wa kwake?"

Nikausoma mkono wa Jeni. Nikausoma wa jirani yake. Namba ilikuwa moja, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiandika mara kumi na moja bila kushtuka, kwa sababu mimi pia ni wa Kifanya. Hata mimi nilipofungua duka langu na kuombwa namba ya ndugu wa karibu, niliitoa hiyo hiyo. Ilikuwa namba ya Odilo, katekista wa kigango chetu.

Muda huo huo Odilo alikuwa jukwaani, anaongoza kwaya yetu mbele ya waamuzi, katika shindano ambalo tumeshindwa na kwaya moja ya Makete kila mwaka tangu lianze. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati, sauti ya mwisho kabisa, na mlio wake ni jogoo. Baadaye niliambiwa kwamba jogoo aliwika mara mbili katikati ya wimbo, waimbaji wa sauti ya nne wakaangua kicheko, na mwamuzi mmoja, naye Mkatoliki, akamuuliza Odilo kwenye kipaza sauti amemkana nani.

Alitujia na jasho, katika baridi ile.

"Nani ananipigia simu?"

"Wewe ndiye Odilo?" Somoe akauliza.

"Ndiye."

"Basi wachukue wanao." Akamwonyesha benchi. "Kumi na mmoja, na mama zao mbalimbali. Sisi Waislamu mwisho ni wake wanne, na hao wanne wenyewe Halfan anajua kwamba mmoja tu amemtosha."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika, na mimi, Mungu anisamehe, sikusaidia chochote. Nilikuwa nimeinamia meza, mbavu zinaniuma.

"Mama Benno, wewe waeleze!" akanililia. "Simu yangu ina sola, haizimiki, ndiyo maana kijiji kizima kinatoa namba yangu! Hospitalini wametoa yangu, shuleni yangu, mbolea ya ruzuku yangu. Juzi nimepigiwa nipongezwe kwamba nina ujauzito unaoendelea vizuri!"

Hapo nilikaa chini kabisa.

Vestina alifika akikimbia, karanga zinamwagika. Alipomwona Jeni kwenye benchi la waliopotea, kicheko changu kilikatika chenyewe, maana uso wake ulikuwa umekauka.

"Amepotea? Leo? Flora ameshanipigia kwa simu ya Odilo asubuhi kwamba basi limetoka Iringa. Mnataka kuniua?"

Nikamwambia hajapotea, ana kiu tu. Kisha nikafanya jambo lililopaswa kufanywa tangu mwanzo: nikaagiza kwamba kuanzia sasa aliyepotea atapewa uji wa ulezi usio na sukari. Somoe alinung'unika. Lakini ndani ya muda wa kumenya ndizi, watoto wote kumi na mmoja walikuwa wamepatikana.

Flora alikuja mchana, akiburuta sanduku la magurudumu kwenye vumbi jekundu, hereni kubwa za duara zikimcheza mashavuni. Si mtoto mbaya. Alinipigia goti kidogo, "Shikamoo, Mama Benno," akamkumbatia mama yake, kisha akachuchumaa mbele ya binti yake na kufungua mikono.

"Shikamoo," akasema Jeni, akampa mkono, kama anavyowapa wageni wa kigango.

Niliona uso wa Flora ulivyobadilika, akauficha haraka kwa kufungua sanduku. Alitoa jaketi la njano, zuri, jipya. Mikono ya jaketi ilimfika Jeni kwenye viwiko. Vestina alilikunja, akaliweka chini ya kwapa. Nadhani alilifurahia lile jaketi kuliko zawadi yoyote aliyowahi kuletewa.

"Unaona, ana kadi," akasema Vestina. "Ana na utepe. Hapotei huyu."

"Mama, tumeshaongea. Kesho tunaondoka naye."

"Kuzaa si kazi, Flora. Kazi kulea."

"Ndiyo, Mama. Na kulea ni pamoja na kumwangalia sokoni." Akamshika Jeni mkono. "Leo nitamwangalia mimi. Wewe pumzika."

Wakaondoka wawili hao kwenda kutazama parachichi zikipimwa. Vestina alikaa kwenye benchi la waliopotea, na Somoe, ambaye si mjinga, alimpa soda ya mwisho iliyokuwa imefichwa.

Hatukukaa sana. Jeni alirudi, peke yake, akipita katikati ya miguu ya watu kama yuko uani kwao.

"Soda zimeisha," nikamwahi.

"Sitaki soda," akasema. "Yule mama wa Dodoma amepotea. Alikuwa anapiga picha parachichi, nikamwambia twende, hakusikia. Halafu sikumwona."

Nikamtazama Vestina, Vestina akanitazama. Namjua yule mwanamke tangu enzi za mihogo. Kicheko chake kilianza puani, kikashuka kifuani, akajifunika kanga asisikike mpaka jukwaani.

"Amempoteza!" akasema. "Yeye mwenyewe! Kwa mikono yake mwenyewe, na nusu saa haijaisha! Mama Benno, mfiche."

"Nimfiche?"

"Chini ya meza. Mwache Flora atafute kidogo. Mwache na yeye aonje."

Mtu mzima mwenye akili angekataa. Mimi niliinua kitambaa cha meza kabla hajamaliza kusema. Jeni aliingia kwenye kreti tupu kwa furaha, Vestina akajibanza nyuma ya turubai, na Somoe akasema hajaona kitu, yeye ni mgeni mkoa huu.

Flora alikuja mbio, kiatu kimoja mkononi, sanduku hana.

"Mama Benno, mtoto! Nimegeuka tu hivi, hayupo! Mtangaze, tafadhali, mtangaze!"

Nilijikaza kisabuni. Nikachukua kalamu, nikavaa miwani ambayo siihitaji.

"Tulia, mwanangu. Tuanze na maelezo ya mtoto, maana kadi anayo mama yako, na mama yako simwoni. Amevaa sweta la rangi gani?"

"Bluu," akasema. Kisha, "Au kijani. Lilikuwa ndani ya... nilikuwa naangalia jaketi, Mama Benno."

"Lilikuwa la zambarau. Haya, meno. Ana pengo?"

"Hana. Meno yake yote yapo."

Chini ya meza nilisikia mkoromo wa mtu mwenye mapengo mawili ya mbele anayejizuia kucheka. Nilimgusa kwa mguu.

"Kovu?"

Alitazama kiatu kilichokuwa mkononi mwake.

"Anaogopa nini? Tukimwona tusije tukamkimbiza."

Akakihamishia kiatu mkono wa pili.

"Akiitwa Jeni anaitika, au nyumbani ana jina jingine?"

Nilikuwa na maswali mengine, matamu zaidi, nimeshayapanga. Lakini Flora aliacha kiatu kikaanguka. Akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya Dodoma.

"Sijui," akasema. "Mama Benno, sijui hata kimoja. Kila Desemba nasimama dukani na kumkisia. Naonyesha urefu kwa mkono, muuzaji ananiuliza ana kilo ngapi, namdanganya. Kazini naona watoto wa watu siku nzima, nawapima, naandika, nikirudi chumbani siwezi hata kuukumbuka uso wa wangu bila kufungua simu." Alijifuta pua kwa kiganja. "Mama hajazeeka. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka sababu. Ningemwambia nini? Kwamba nataka kumjua mwanangu kabla hajawa mtu mzima? Angesema ulikuwa wapi. Na angekuwa na haki."

Kalamu yangu ilikuwa nzito. Nilijisikia vibaya, nasema wazi, kama mtu aliyetegesha panya akanasa kifaranga. Niliivua ile miwani.

Vestina alitoka nyuma ya turubai. Hakuwa anacheka tena. Alimtazama binti yake pale chini, na mimi niliyemjua miaka yote hiyo sikuweza kujua atafanya nini. Angeweza kushinda siku ile. Tulikuwa mashahidi, mimi na Somoe: mama kampoteza mtoto na hajui hata meno yake. Angeyapeleka maneno hayo kwa Paroko, kwa baba zake wadogo, kwa kijiji kizima kupitia simu ya Odilo, na Flora angerudi Dodoma na sanduku lake.

Akainua kitambaa cha meza.

"Toka, mama'ngu."

Jeni akatoka, kreti imemchora mgongoni. Flora alibaki pale chini, amenyoosha mikono. Jeni alisimama mbali naye kidogo, akimkagua.

"Hayo mapengo," Vestina akaanza, na sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayekabidhi funguo za nyumba, "jino moja alilirusha juu ya bati, jingine alilimeza na parachichi, akalia siku nzima akidhani litaota tumboni. Kovu liko gotini, la kulia, alimkimbiza jogoo wa jirani. Mbwa hamwogopi. Radi anaiogopa. Maharage anakula, maganda yake anayatema, usimpige kwa hilo, nimejaribu, haisaidii. Kijijini wanamwita Sista kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa anakaa kimya kanisani. Sasa hakai kimya, lakini jina limebaki."

Flora alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila neno, midomo ikirudia.

"Likizo yako yote utakaa Kifanya," Vestina akasema. "Kesho huondoki na mtu. Ikiisha, na kama amekuzoea, mtakwenda. Sitalia mbele yenu."

"Mama..."

"Sijamaliza. Usiku halali mpaka ashike sikio la mtu. La kushoto. Usipompa, utakesha naye."

Jeni alisogea. Aliinama akalitazama sikio la Flora kwa makini, upande mmoja, kisha upande wa pili, akamgeukia bibi yake.

"Bibi, lina chuma."

"Zitoe hizo hereni," Vestina akamwambia binti yake.

Flora alizitoa pale pale, moja ikaanguka kwenye vumbi na hakuna aliyeiokota. Jeni akanyoosha mkono wake wenye wino, akalishika sikio, akalibonyeza kidogo kama anavyobonyeza parachichi kujua kama limeiva. Hakuliachia.

Somoe alijifanya anahesabu kreti. Mimi nikafunika wino wa muhuri. Vestina alikuwa amewapa mgongo, anatazama jukwaa ambalo hakuna aliyekuwa anaimba, na mkono wake ulikuwa umeshika sikio lake mwenyewe, la kushoto.